Somo: Jana ulikula nini? Namna ya kuandika mlo wa saa 24

Wapendwa, wengi mmeniuliza mnapungukiwa na nini mwilini: chuma, protini, vitamini gani. Siwezi kujibu kabla ya kujua mnakula nini, na kujua unachokula ni kazi kuliko inavyoonekana. Leo tunafanya kile ambacho watafiti wa lishe huanza nacho mara nyingi, yaani kuandika kila kilichoingia mdomoni kwa saa 24.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mara yangu ya kwanza kuwa mdadisi, kwenye kijiji kimoja cha Masasi, dodoso lilikuwa na swali: "Jana ulikula mboga?" Nyumba baada ya nyumba, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nami naweka vema. Jioni msimamizi akapitia karatasi zangu, akauliza neno moja: "Mboga gani?" Kesho yake nikarudi kwa mama wa nyumba ya kwanza. "Si dagaa, mwanangu." Ya pili, maharage. Ya tatu, mchuzi wa kuku. Kwa Kiswahili chetu mboga ni chochote cha kulia ugali. Majani ni aina mojawapo tu. Siku nzima ya kazi ikarudiwa.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, yajue maneno matatu yanayoficha chakula. "Mboga" ndilo hilo. La pili ni "chai": aliyekunywa chai huenda amekula chapati tatu na mayai. La tatu ni "kula" lenyewe. Kwa wengi wetu asiyetia ugali au wali tumboni hajala, hata kama ametafuna mihogo ya kuchoma na maembe manne.

Hatua ya 1: Orodha ya haraka

Anzia ulipoamka jana, ishia ulipoamka leo. Andika kama inavyokujia, bila vipimo wala mpangilio. Mama yule wa dagaa alinipa mistari mitatu: chai asubuhi, ugali na mboga mchana, wali maharage usiku. Na wewe yako itakuwa fupi hivyohivyo, usishangae.

Hatua ya 2: Vilivyosahaulika

Hapa vitaje vitu kimoja kimoja kwa majina, maana ukijiuliza tu "kuna kingine?" jibu ni hapana. Matunda ya njiani? Muwa? Karanga, korosho, bagia, kashata? Soda, togwa, pombe? Ulionja mchuzi jikoni mara ngapi? Ulimalizia uji wa mtoto?

Yule mama alikuwa ameshinda akibangua karanga za mbegu. Nilipozitaja akacheka: "Zile si chakula, zile za mkono tu." Akanionesha kiganja, kisha akahesabu: alipomaliza ungo wa kwanza, alipomaliza wa pili, na jirani alipokuja kuzungumza. Viganja vitatu vya karanga, penye mafuta na protini nyingi kuliko vyote alivyonitajia asubuhi ile, navyo havikuwa "chakula".

Hatua ya 3: Saa na mahali

Kila kitu kipe saa yake. Watu huiruka hatua hii, lakini ndiyo inayoonesha kwamba chai ya rangi ilinyweka palepale na maharage. Chai hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na majani, wakati chungwa au embe la mlo huohuo huongeza. Chakula kilekile, saa tofauti, faida tofauti.

Hatua ya 4: Kiasi

Hapa ndipo kazi ilipo. "Sahani moja" si kipimo; sahani ya nani?

Chukua bakuli lako la kila siku, lijaze maji, kisha yamimine kwenye chupa ya nusu lita uone yanafika wapi. Sasa unajua bakuli lako lina mililita ngapi. Fanya hivyo kwa kikombe, upawa na glasi, uandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani jikoni. Ni kazi ya siku moja. Ukiwa na mizani ndogo ya jikoni, weka sahani tupu kwanza, irudishe kwenye sifuri, ndipo upakue.

Kwa vyakula vya sufuria, pima malighafi zote, halafu kadiria fungu lako. Kama mchuzi ulitiwa gramu 90 za mafuta na wewe ulipakua moja ya sita, umekula gramu 15 za mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, kwa hiyo hizo ni 135. Wanga na protini ni kilokalori 4 kwa gramu, pombe 7. Shika namba hizo tatu, zitakufikisha mbali.

Na sinia? Wanaokula pamoja wahesabu matonge. Finyanga tonge lako la kawaida, lipime, zidisha. Usihesabu mbele ya wageni lakini, utaharibu shughuli.

Usidharau vidogo. Chai yenye vijiko 4 vya sukari, kila kijiko gramu 4, ni gramu 16. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kilokalori 2,000. Umemaliza mgawo wako kwenye chai, bado soda.

Hatua ya 5: Pitia mara ya mwisho

Soma yote kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu mliyeshinda naye. Ataongeza kitu.

(Mpangilio huu wa hatua tano si wangu, ni wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mimi nimeuvalisha kanga tu.)

Ukishaandika, usome hivi

Njia nyepesi ni kuhesabu makundi. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutumia makundi 10: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika (hilo ni kundi moja), jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, dagaa wakiwemo, mayai, majani ya kijani, matunda na mboga zenye vitamini A kama embe bivu, papai, boga na karoti, mboga nyingine kama bamia na bilinganya, na matunda mengine. Kundi huhesabiwa ukila angalau gramu 15, karibu kijiko cha chakula. Kipande cha kitunguu cha kuungia hakikupi kundi. Sukari, mafuta na chai havimo kabisa.

Lengo ni makundi 5 au zaidi. Yule mama kwa mistari yake mitatu alikuwa na nafaka, dagaa na maharage: matatu. Baada ya hatua ya 2 tuliongeza karanga, na embe alilokula akitoka kisimani. Matano. Mtu ni yuleyule, jana ni ileile. Kilichobadilika ni maswali yangu.

Anayetaka kwenda hadi kwenye chuma na zinki atumie majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania ya 2008, yaliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS), Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya wana yao ya 2018.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wawili, Tanga: Mwalimu, jana ilikuwa harusi. Niandike pilau lote lile?

Andika, dada. Usiitupe siku kwa sababu imekuaibisha. Ila siku moja haisemi kawaida yako, ya harusi wala ya njaa. Andika tatu zisizofuatana, mojawapo iwe ya mwisho wa wiki. Hata makundi 5 yalibuniwa kupima kundi la wanawake, wangapi kati yao wanafika. Si ya kumwambia mtu mmoja kwamba ana upungufu.

Fundi Cherehani: Programu ya simu si inafanya yote haya?

Inahesabu vizuri, tatizo ni inachokijua. Itafute tembele au mlenda. Wengi hukosa, wakachagua spinachi ya Ulaya, na hesabu yote inafuata kosa hilo.

Kijana wa Mabibo: Sembe na dona, kwenye hesabu kuna tofauti?

Nishati zinakaribiana, unga mkavu kama kilokalori 360 kwa gramu 100. Dona ina nyuzinyuzi, madini na vitamini B zaidi kwa kuwa kiini na pumba havijaondolewa. Lakini pumba hizohizo zina fiteti, ambazo hushika chuma na zinki zisifyonzwe zote. Kwa hiyo namba ya kwenye jedwali si namba inayoingia kwenye damu. Mimi nala dona.

Bibi Nyakati: Mwanangu, babu yenu alikula ugali na maziwa mgando tu, akafika miaka tisini. Hizi hesabu za nini?

Shikamoo bibi. Babu tunamwona kwa sababu alifika. Wenzake waliokula hivyohivyo wakaondoka wadogo hawapo kutusimulia, ndiyo maana utafiti hauulizi mtu mmoja. Tena nina swali: na matunda ya porini alipokuwa akichunga?

Bibi Nyakati: Marahaba. Alikula sana. Furu, zambarau, ukwaju. Lakini hayo si chakula.

Mwanafunzi wa Morogoro: Watu si wanadanganya? Mtajuaje?

Kuna kipimo. Mtu hunywa maji yaliyotiwa alama, yaani yenye hidrojeni na oksijeni nzito kuliko kawaida, kisha mkojo wake hupimwa kwa wiki moja au mbili na kuonesha ametumia nishati kiasi gani. Ukilinganisha na alichosema amekula, mara nyingi alichosema ni pungufu, hasa kwa wenye miili mikubwa. Siiti uongo. Wengine huona haya, wengine wamesahau kweli.

Mama Pacha: Wangu wana mwaka na nusu, bado wananyonya. Maziwa nayapimaje?

Nyumbani huwezi, andika tu "amenyonya". Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 makundi ni 8, na maziwa ya mama ni kundi lake lenyewe. Lengo ni 5. Bakuli la kila pacha liwe lake, vinginevyo hutajua nani amekula.

Dereva wa Usiku: Mimi yangu rahisi mwalimu. Jana sikula kitu mchana, nilikunywa chai tu.

Chai na nini, kaka?

Dereva wa Usiku: Chapati mbili. Na supu.