Kuandaa nyumba ya wageni kwa ukaguzi wa afya mjini Goma

Anza na maji, kwa sababu hapa Goma wengi bado tunatumia maji yaliyochotwa Ziwa Kivu, na kipindupindu hupitia humo. Sugua kila bidoni, yaani dumu la maji, kwa ndani, hasa pembeni mwa shingo ambako utelezi wa kijani hujificha, kisha tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na ungoje dakika 30 kabla ya mgeni kunywa. Ardhi yetu ya mawe ya volkano ni ngumu kuchimba, hivyo mashimo ya choo huwa mafupi na hujaa upesi, yakaguliwe mapema. Badilisha shuka kila mgeni anapoondoka, na umulike mishono ya godoro kwa tochi, maana kunguni hukaa humo. Mkaguzi akifika, mwombe kwa heshima hati yake ya kazi, umfungulie vyumba vyote, na malipo yoyote yawe na risiti.