Pilipili ya kuchachusha: chumvi ipimwe, isikadiriwe

Pilipili nyingi za kusaga za nyumbani hupata uchachu wake kwa ndimu au siki. Hii hujichachua yenyewe: bakteria waliomo tayari kwenye ganda la pilipili hula sukari yake na kutoa asidi laktiki, ndiyo iletayo uchachu. Wewe wape chumvi ya kutosha, uwanyime hewa.

Hatua ya 1. Pilipili mbuzi nyekundu gramu 450, karoti gramu 100, kitunguu saumu gramu 50. Yenye doa bovu itupe. Osha, toa vikonyo, katakata. Vaa glavu. Ukikaidi na mikono ikaanza kuwaka, ipake mafuta ya kula kwanza ndipo unawe kwa sabuni. Maji matupu hayaondoi moto ule.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havilingani uzito, kwa hiyo tumia mizani: asilimia 3 ya uzito wa vyote, mboga pamoja na maji. Mboga gramu 600, maji mililita 400, jumla kilo moja. Chumvi gramu 30. Maji ya bomba yachemshe kwanza yapoe, maana klorini huwadhuru bakteria tunaowataka. Yakipelea, ongeza kwa kiwango hichohicho, gramu 3 kila mililita 100.

Hatua ya 3. Jaza chupa ya kioo ya mdomo mpana, acha nafasi juu. Funika kwa jani la kabichi, kandamiza kwa kiglasi kizito. Kisielee hata kipande.

Hatua ya 4. Weka kivulini, juu ya sahani. Kila siku legeza kifuniko gesi itoke. Viputo vitapanda pembeni, maji yatakuwa kama ya kuoshea mchele. Ni dalili njema. Utando mweupe, bapa, uengue tu. Ukiona manyoya ya kijani au meusi, mwaga yote, usijidanganye kwa kuengua. Kwa joto la Tanga au Mombasa wiki moja yatosha; Njombe, subiri mbili au zaidi.

Hatua ya 5. Chuja, maji yake yatunze. Saga kwa blenda, ukilegeza kwa maji hayo na vijiko 3 vya siki, kisha uchuje tena. Karatasi ya pH, ya kupimia asidi, isome 4 au chini. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, madirisha wazi, kwani mvuke wake hukohoza nyumba nzima. Usipochemsha, isikae nje ya friji. Gesi huweza kupasua chupa.

Makapi ya kwenye chujio yachanganye na ndimu, upake samaki kabla ya kuchoma.