Kikao cha familia ICU: kuwasaidia ndugu kuamua bila kuwatwisha hukumu

"Mnataka tufanye nini?" Ukiwauliza hivyo ndugu wa mgonjwa aliyelazwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, wao wanasikia: "Mnataka afe au asife?" Mke ananyamaza, kaka anasema "fanyeni kila kitu", na miezi baadaye mmoja wao bado analala na hatia ya neno alilolitamka siku ile. Kosa liko kwenye swali. Ndugu wanamjua mgonjwa, hawaijui tiba. Waulizeni wanachokijua.

Kabla ya kikao

Kikao cha kwanza kifanyike ndani ya siku tatu tangu mgonjwa alazwe, hali ingali na nafasi ya kujadiliwa. Tafuteni chumba chenye mlango, na viti vya watu wote, daktari akiwemo. Habari nzito haitolewi kwa kusimama koridoni.

Daktari na nesi wa zamu wakutane kwanza dakika tano. Hatua hii ikirukwa, daktari atasema figo zimeshindwa, nesi atasema "leo amekojoa kidogo", na familia itaondoka na majibu mawili.

Nani aingie? Ulizeni: "Kwenu, mambo mazito anasikilizwa nani?" Mara nyingi atatajwa baba mkubwa au mjomba. Lakini aliyekuwa akimwogesha na kumpa dawa ndiye anayejua mgonjwa alikuwa akisema nini kuhusu ugonjwa wake, kwa hiyo naye aingie. Ndugu mwenye sauti aliye mbali apigiwe, simu iwekwe spika. Asiposikia mwenyewe, kesho yake atapiga simu na yote yatavunjika.

Suala la bili lipangiwe kikao chake pamoja na ofisa ustawi wa jamii, kwa hesabu za kweli. Likichanganywa na ushauri wa tiba, familia itaamini mgonjwa anaachwa kwa sababu ya pesa.

Ndani ya kikao

Anzeni kwa kuuliza: "Mpaka sasa mmeelezwa nini?" Kisha semeni kwa sentensi fupi: "Mashine ndiyo inayompumulia. Presha yake inashikiliwa na dawa. Tunaogopa kwamba anaweza kufariki." Elezeni na wanachokiona kitandani: kifua kinapanda kwa sababu mashine inasukuma hewa, na kidole kikitikisika si lazima awe anajibu.

Halafu nyamazeni. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mama atakunja ncha ya khanga, ataikunjua, ataikunja tena. Usimkatize, hata kwa neno la faraja. Utafiti uliofanyika katika ICU 22 za Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2007 ulihusu familia za wagonjwa waliokuwa wakielekea kufariki. Vikao vilipoendeshwa kwa utaratibu wa kusikiliza, vilichukua dakika 30 badala ya 20, na ndugu walizungumza dakika 14 badala ya 5. Walipewa pia kijitabu kuhusu msiba. Siku 90 baada ya kifo, dalili za kiwewe, wasiwasi na sonona zilikuwa pungufu kwao kuliko kwa familia za vikao vya kawaida. Kwetu, dakika kumi hizo ni sehemu ya matibabu.

Sasa ulizeni: "Mzee angekuwa amekaa hapa anasikia haya yote, angesema nini?" Mkishasikia, daktari abebe mzigo wake: "Kwa mlivyotueleza, na kwa hali ya mapafu yake, ushauri wetu ni huu." Familia ikubali, ikatae au iombe muda, lakini isiachiwe menyu ya mashine ichague.

Pakiwa na shaka ya kweli, pendekezeni jaribio lenye mwisho. Kwa mfano, kusafisha damu kwa siku tano, huku mkiangalia kama dawa ya presha inapungua na kama anaamka dawa ya usingizi ikisimamishwa. Andikeni tarehe ya kukutana tena. Bila tarehe, jaribio hugeuka mazoea.

Mtu akisema "tunamwachia Mungu", msibishane naye. Semeni: "Nasi tunaomba apone. Mungu akipanga vingine, mgonjwa mwenyewe angependa awe katika hali gani?" Shehe au mchungaji aitwe mapema, akiitwa mwishoni tu, kuonekana kwake mlangoni ndiyo taarifa ya kifo.

Msiseme "kuchomoa mashine" wala "hatuna la kufanya tena". Semeni: "Hatutamwacha. Atapewa dawa ya maumivu na ya kutuliza kubanwa kifua, nanyi mtakaa naye."

Daktari akishatoka

Nesi abaki. Maswali ya kweli huja hapo, kwa sauti ya chini: "Anasikia maumivu?" "Tungemleta mapema angepona?" La kwanza lijibiwe kwa kutaja dawa anayopewa na jinsi anavyochunguzwa. La pili msilikimbilie kwa "hapana" ya kufariji tu. Muulize kwanza siku zile zilikwendaje nyumbani, amalize kusimulia, kisha umtajie aliyoyafanya: alimkesha, akatafuta usafiri, akamfikisha. Waliohudhuria, yaliyokubaliwa na tarehe ya kikao kijacho viandikwe kwenye faili kabla zamu haijabadilika.