Upepo ukiezua bati, usikimbilie kufagia

Masika haya, paa likiezuka au maji yakiingia sebuleni, kata umeme kwenye meni swichi kama unaifikia bila kukanyaga maji. Kisha, kabla hujafagia, piga picha za kuonyesha kampuni ya bima: ukuta wote kwanza, halafu sehemu iliyoharibika kwa karibu, na alama ya maji yalipofikia. Godoro lililoloa na bati lililopinda viweke pembeni, usimpe mtu wa skrepa mpaka mkaguzi wa bima avione. Turubai na misumari ya kuzuia mvua nunua tu, hakuna anayekutaka ulale ukilowa, ila dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kwa sababu gharama za kuzuia hasara isizidi huweza kuingia kwenye madai. Toa taarifa kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo, tena kwa maandishi.

Huna bima? Angalia vizuri. Aliyejenga kwa mkopo wa benki mara nyingi anakatwa bima ya nyumba bila kujua. Mpangaji naye ajue kwamba bima ya mwenye nyumba ni ya jengo, si ya friji yake.

Na usitaje thamani ndogo ili ulipe ada kidogo. Nyumba ya milioni 60 ukiikatia bima ya milioni 30, hasara ya milioni 10 huweza kulipwa milioni 5 tu, kwa kuwa uliikatia nusu ya thamani yake. Afadhali uulize kama unaweza kulipa ada kwa awamu. Kampuni ya bima ikikuzungusha, wapelekee malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania.