Kijana wenu katoka Chuo cha Mafunzo, mpokeeni hivi

Nawaandikia nyinyi ndugu na majirani, mana yeye aliyetoka Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya huku kwetu Zanzibar, adhabu yake kashaimaliza, kazi iliyobaki ni yetu sisi.

La kwanza msimfiche. Familia nyingi zinaona haya, mtu akitoka tu anapelekwa shamba kwa ami yake usiku, wakiuliza watu wanaambiwa yuko Dar anatafuta maisha. Haisaidii, huku kwetu habari inafika kabla yake, na yeye mwenyewe anaona kabisa kua mnamuonea aibu. Mchukueni mtu mzima wa familia afatane nae kwa sheha, kiongozi wa mtaa, siku za mwanzo mwanzo, atoe salamu, aseme nimerudi. Hapohapo muulizie mambo ya kitambulisho chake cha Mzanzibari kama kimepotea au kimekwisha muda, bila ya hicho atapata shida, na barua ya sheha ndo mlango wa mambo mengi.

Sasa nyumbani. Kuna kitu watu wanakifanya na wala hawajijui: akiingia ukumbini, simu zilizokua juu ya mkeka zinaokotwa moja moja, mkoba unavutwa chini ya paja. Anaona! Hasemi kitu, atakaa kidogo atoke, kesho haji kabisa. Ziacheni simu zilipo. Kisha mtumeni kama mnavyowatuma wengine, mpeni pesa akanunue boflo alete na chenji, kwangu mimi hili lina nguvu kuliko nasaha za saa nzima. Na msimuhoji mambo ya ndani, akitaka atasimulia mwenyewe, siku nyengine mtu anafunguka saa sita za usiku wakati hakuna hata aliyemuuliza.

Akikosa usingizi, akishtuka kwa kelele ndogo, au anakaa chumbani tu, msikimbilie kusema kaingiliwa na shetani. Kisomo msomeeni, ni kheri, lakini wiki zikipita na hali ileile au akaanza kusema bora nife, mpelekeni Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko mjini Unguja, na kama mko Pemba anzieni hospitali iliyo karibu, na asiachwe peke yake.

Hapa kwenye unga, yaani dawa za kulevya, nataka mnisikilize vizuri. Kama alikua anatumia kabla ya kufungwa, wiki za mwanzo ndo hatari kuliko zote, mana mwili umekaa muda bila ya dawa umeshasahau, akirudia kipimo kilekile cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo. Mwambieni wazi, bila ya kumfokea. Methadone, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, ipo Kidongo Chekundu, na nyumba za sober wanazokaa wanaoacha unga zipo, ulizieni mapema kabla hajakutana na wenzake wa maskani. Na kama alikua kwenye dawa za TB au ARV asikatishe hata siku moja, aende kituo cha afya aseme alifikia wapi.

Kazi jamani, msisubiri ya ofisini. Kama ndani kajifunza useremala au ushoni, mtafutieni fundi anaemjua baba yake akae nae. Msimu wa karafuu nao unafaa sana, mchumaji analipwa kwa pishi alizochuma, hakuna anaeanza kumuuliza mwaka jana ulikua wapi.

Mwanamke ndo anaonewa zaidi, mwanamme akirudi anasomewa dua, yeye anakuta talaka na watoto washapelekwa kwa bibi yao. Mama na khalati zake wawe mbele, wamchukue kwenye shughuli, akae jikoni na wenzake amenye vitunguu kama zamani, na suala la watoto lisimamiwe na wazee, na wakishindwana ipo mahkama ya kadhi.

Na kama mtu aliyekosewa na kijana wenu anakaa mtaa huohuo, kijana asende peke yake kuomba radhi. Atangulie imamu au mzee anaeheshimika na pande zote mbili, aulize kwanza kama wako tayari kumpokea. Wakikataa basi, msilazimishe, wana haki yao, yeye aendelee kuwatolea salamu akipita na asikae baraza inayotazama mlango wao.