Kudhibiti joto la injini ya rotari kwenye ndege ya kujiundia

Injini ya rotari ya Mazda 13B, ile ya magari ya RX-7, ina wapenzi wengi kati ya Wamarekani wanaojiundia ndege. Ina rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka) zenye jumla ya sentimita za ujazo 1,308, haina pistoni wala vali, na ni fupi kiasi cha kukaa vizuri kwenye pua ya ndege ndogo ya kujiundia kama RV-6. Nguvu si tatizo lake. Tatizo ni joto, na mara nyingi rejeta ndiyo hulaumiwa wakati kosa liko kwenye njia ya hewa. Usinunue rejeta kubwa zaidi kabla hujapima.

Anza na oili. Rota hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake, hivyo karibu theluthi ya joto lote la kupozwa hupitia kwenye kipoza oili. Anayetumia kipoza kidogo kilichotengenezwa kwa injini ya pistoni ataona maji yametulia huku oili ikipanda bila kusimama. Kwenye RX-7 nyingi kuna pia kivali cha joto mbele ya shafti kuu. Injini ikiwa baridi, kivali hicho hupunguza oili inayorushwa kwenye rota ili ipate moto haraka. Kikikwama, rota hukosa oili huku geji zikionyesha kila kitu ni shwari. Kitoe, weka kipande cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha usahau habari yake.

Kitambuzi cha oili kiwe baada ya kipoza, mahali oili inapoingia kwenye injini. Cha maji kiwe mahali maji yanapotoka. Oili ikiingia ikiwa na nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi ni vizuri, na usiruhusu ipite 99. Maji yakae kati ya 80 na 93, na 104 iwe ndiyo mwisho. Ukivuka hapo unahatarisha sili za maji zilizobanwa kati ya nyumba za rota, ambazo ni za alumini, na sahani za pembeni za chuma cha kusubu. Metali hizi mbili hazitanuki sawa, na sili ikishaungua hakuna dawa ila kufungua injini yote.

Sasa hewa. Tuseme maji yanabeba kilowati 50 na hewa inayopita rejeta inapanda joto kwa nyuzi 40. Unahitaji hewa takriban kilo 1.24 kwa sekunde, yaani karibu mita moja ya ujazo. Ndege ikipanda kwa kasi ya noti 100 (karibu kilomita 185 kwa saa), hewa hiyo yote inaweza kuingia kwenye tundu la sentimita za mraba 200 hivi. Tundu si lazima liwe kubwa. Kinachotakiwa ni njia inayopanuka polepole kutoka tundu hadi uso wa rejeta, ili kasi ya hewa ishuke na shinikizo lipande. Ukipanua ghafla, hewa hujitenga na ukuta na kuzunguka bure. Nusu ya rejeta hufanya kazi, nusu inabaki pambo. Ziba kila mwanya pembeni ya rejeta kwa sponji ngumu au mpira unaostahimili joto, kwa sababu hewa ikipata pa kukwepea itakwepea.

Pa kutokea husahaulika kuliko pa kuingilia. Anza na eneo la kutokea lililo mara moja na nusu ya eneo la kuingilia, na ukiweza weka mlango unaofunguka wakati wa kupanda. Bomba la ekzosi lisikae karibu na rejeta bila kinga; ekzosi ya rotari ni moto kupita ya pistoni.

Kupima ni rahisi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uupinde kama herufi U, utie maji yenye rangi na uufunge ubavuni mwa kiti cha abiria. Ncha moja iende mbele ya rejeta, nyingine kwenye bomba la shinikizo tuli la ndege, yaani shinikizo la hewa ya nje lisiloguswa na kasi. Kwa noti 100 zinazosomwa kwenye geji, hewa ikisimamishwa kabisa hutoa tofauti ya milimita 165 za maji. Ukipata 120 au zaidi, njia ya kuingilia ni nzuri. Ukipata 60, irekebishe hiyo kwanza. Kisha hamishia ncha ile nyuma ya rejeta. Shinikizo likiwa kubwa huko, hewa haina pa kutokea.

Weka pia kipimajoto kwenye hewa inayotoka. Maji yakiwa nyuzi 95 na hewa inatoka na 85, rejeta inafanya kazi yake lakini hewa ni kidogo. Hewa ikitoka na 45 tu, ama inakwepa, ama maji hayazunguki.

Kwenye maji, kosa la kawaida ni kutoa thermostati (vali inayofungua njia ya maji kufuatana na joto) na kuacha wazi njia ya mkato iliyo chini yake. Maji ya moto hupita hapo na kurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ukitoa thermostati, ziba tundu hilo kwa plagi yenye nyuzi za skrubu. Ukiibakiza, itoboe tundu la milimita 3 hewa ipate kutoka.

Tangi la kutoa hewa kwenye maji liwe juu kuliko yote, na hapo ndipo wenye ndege za gurudumu la mkia hukosea: sehemu ya juu kabisa mkia ukiwa chini si ile ya angani. Jaza maji mkia ukiwa umeinuliwa. Kifuniko cha bar 0.9 huzuia maji matupu yasichemke hadi karibu nyuzi 119 usawa wa bahari, lakini kwenye mita 3,000 ni 113 tu.

Usiruke bila geji ya shinikizo la maji na taa ya onyo. Maji yakimwagika, kitambuzi cha joto hubaki kwenye hewa tupu na geji inaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Shinikizo halidanganyi hivyo. Likipanda haraka mara tu unapowasha injini baridi, gesi ya moto inaingia kwenye maji: sili imeshakufa, usiruke.

Majaribio ya kwanza yafanye asubuhi kukiwa na baridi, juu ya uwanja. Joto likikaribia kikomo, shusha pua ndege ipate kasi, na punguza nguvu. Rotari inayopozwa kwa maji haidhuriki nguvu ikipunguzwa ghafla, hivyo usisite. Andika kila dakika joto la maji, oili, hewa ya nje na kasi. Kila nyuzi moja ya ziada ya hewa ya nje itaongeza karibu nyuzi moja kwenye maji, na kwa hesabu hiyo utajua adhuhuri ya joto itakufikisha wapi kabla hujaijaribu.