Picha ya kadi ya harusi isitoke na ukungu: kuielewa rezolusheni kwenye InDesign

Wateja wengi hunitumia picha ya maharusi kwa WhatsApp na kuniambia, "Weka tu 300." Namba hiyo ni rezolusheni, yaani pikseli (vitone vinavyounda picha) kwa kila inchi, kwa kifupi PPI. Ukiiandika bila kuongeza pikseli, picha ni ileile. InDesign, programu ya kupanga kurasa za kuchapa, haina rezolusheni moja ya waraka mzima. Kila picha ina yake, na maandishi hayategemei pikseli kabisa.

Bofya picha, fungua paneli ya Links, tazama namba mbili. Actual PPI ni ya faili lenyewe. Effective PPI ni ya picha kwa ukubwa ulioipa ukurasani, na hiyo ndiyo ninayoiamini. Picha ya 300 ukiivuta hadi asilimia 200 inashuka hadi 150.

Kabla ya kupokea kazi, piga hesabu: pikseli gawanya kwa 300, unapata inchi. Upana wa pikseli 1,200 unatosha inchi 4, karibu sentimita 10. Kwa kadi ndogo, sawa. Kwa jalada la A4 hapana, linataka 2,480 kwa 3,508. Ikipungua, mwombe mteja faili la asili, alitume kama dokumenti, maana WhatsApp hubana picha. Bango la barabarani lisikutie hofu: linatazamwa kwa mbali, 100 inatosha.

Ukitoa PDF ya kuchapa, chagua High Quality Print. Picha za rangi zilizozidi 450 tu ndizo zinashushwa hadi 300. Smallest File Size hushusha hadi 100. Hiyo mtumie mteja akague majina ya wazazi, usimpe mchapaji.